Gary Kildall na Sekta Ishirini na Sita

Ukimtaja Gary Kildall kwa wanafunzi wa kompyuta hapa chuoni, wengi watakukodolea macho. Wachache wanaomjua watakuambia jambo moja tu: si ndiye yule jamaa aliyeenda kurusha ndege siku IBM walipomfuata na utajiri mkononi? Halafu wanacheka. Mimi hadithi hiyo imenichosha. Muhula huu wote niko na wenzangu wawili tunaandika draiva ya kadi ya kumbukumbu kwa mradi wa mwaka wa mwisho, na kila tunapopita tunakuta nyayo za mtu huyo. Basi leo nimsimulie kwa kazi yake. Ndege tutaifikia.

Alizaliwa Seattle, Marekani, tarehe 19 Mei 1942. Familia yake ilikuwa na shule ya ubaharia iliyoanzishwa na babu yake, na Gary mwenyewe alifundisha hesabu pale kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Washington. Aliingia chuoni akiwaza kuwa mwalimu wa hisabati, akakutana na kompyuta, ikawa ndiyo basi tena. Shahada yake ya uzamivu aliipata 1972. Ilihusu namna kompaila inavyoweza kuichambua programu nzima na kuipunguzia kazi zisizo na faida. Wale mliosoma kompaila mmekutana na njia yake hiyo, hata kama jina lake lilipita haraka kwenye slaidi. Wajibu wake wa kijeshi aliutimiza kwa kufundisha katika chuo cha uzamili cha jeshi la majini kule Monterey, California, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kampuni ya Intel ilikuwa imetoa prosesa ndogo za kwanza, na watu wengi waliziona ni vitu vya kuwekwa ndani ya mizani na mashine nyingine ndogo. Kildall aliziona ni kompyuta. Akawa mshauri wa Intel, na 1973 akawaandikia lugha ya programu iitwayo PL/M. Aliandika pia programu ya kuigiza prosesa ya 8080 ndani ya kompyuta kubwa, ili mtu aweze kujaribu kazi yake hata kama chipu yenyewe hana mezani. Ukishawahi kutafuta hitilafu kwenye kifaa ambacho hakikuonyeshi chochote, taa tu inawaka na kuzima, utajua ule uigizaji ulikuwa nusu ya vita.

Kilichomsumbua ni mahali pa kuhifadhia kazi. Wakati ule programu ilitobolewa kwenye utepe wa karatasi, na kuisoma tena ilikuwa mateso. Diski laini za inchi 8 zilikuwa zimeshatoka, lakini bei yake haikuwa ya mwalimu. Kampuni ya Shugart ikampa moja iliyokuwa imechakazwa kwenye majaribio ya kiwandani. Bure kabisa! Ila diski tupu bila saketi ya kuiongoza ni sawa na gari bila usukani. Kildall alijaribu kuitengeneza saketi hiyo mwenyewe, ikamshinda. Hapa ndipo ninapompendea: mtu wa kompaila, mwenye uzamivu, alikubali kwamba waya si fani yake, akampigia simu rafiki yake wa chuo, John Torode. Torode akaitengeneza. Mwaka 1974 wakaipakia programu kutoka kwenye utepe wa karatasi hadi kwenye diski, wakaiwasha mashine kutoka kwenye diski yenyewe, na ikatokea alama ndogo ya nyota ikisubiri amri. Mfumo huo endeshi ndio ulioitwa CP/M.

Ngoja nieleze diski hiyo ilitaka nini, maana bila hivyo sifa zake zitabaki maneno. Ilikuwa na traki 77, kila traki ina sekta 26, kila sekta baiti 128. Ukizidisha unapata baiti 256,256, yaani picha moja ya simu yako haitoshi humo. Diski ilizunguka mara 360 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja ulichukua kama milisekunde 167, na sekta moja ilipita chini ya kichwa cha kusomea kwa muda wa kama milisekunde 6. Sasa prosesa imeshasoma sekta ya kwanza, inahangaika kuipeleka kwenye kumbukumbu, inageuka kutaka ya pili: ishapita. Inabidi ingoje mzunguko mzima. Fanya hivyo kwa sekta zote 26 na umetumia zaidi ya sekunde 4 kusoma traki moja.

Dawa yake katika CP/M ilikuwa kuruka. Baada ya sekta ya 1 mfumo ulichukua ya 7, kisha ya 13, ya 19, ya 25, ukarudi kwenye ya 5, na kuendelea hivyo. Prosesa ilipata nafasi ya kuhema, na traki nzima ikasomeka kwa mizunguko kama 6 hivi, sekunde moja tu. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa. Ni mpangilio tu, uliotoka kwa mtu aliyeijua diski inavyozunguka.

Lakini jambo kubwa lilikuja baadaye, na lilitokana na uchovu. Kildall na mkewe, Dorothy McEwen, walikuwa wameanzisha kampuni, Digital Research, kwenye mji mdogo wa Pacific Grove. Kila mtengenezaji wa kompyuta alikuja na saketi yake ya diski, na kila mara Kildall alilazimika kuingia ndani ya mfumo na kubadilisha vipande huku na kule. Walipokuja watu wa IMSAI 1976, nao wana diski yao tofauti, akasema imetosha. Akakusanya kila kilichohusu vifaa, akakitenga sehemu moja, akaiita BIOS. Juu yake ikabaki sehemu ya kushughulikia mafaili, ambayo haikujua wala haikutaka kujua diski imetengenezwa na nani. Iliomba tu: chagua diski, nenda traki hii, sekta hii, weka data hapa, soma, andika. Mtengenezaji mpya alijaza majibu ya maombi hayo kwa mashine yake, basi, CP/M nzima ikatembea. IMSAI walilipa dola 25,000.

Sasa hivi jambo hilo linaonekana la kawaida. Kernel ya Linux ina sehemu ya mafaili juu na draiva chini, na sisi watatu pale maabara tunajaza tu maombi ya kusoma na kuandika, kama wale wa 1976. Mifumo mikubwa ya zamani nayo ilikuwa na utengano wa aina hiyo. Kwenye kompyuta ndogo, Kildall ndiye aliyeuweka, na matokeo yake mtu aliweza kuandika programu moja ikaendeshwa kwenye mashine za kampuni nyingi zisizofanana. Soko la programu za kompyuta binafsi lilikua juu ya mlango huo. Hata jina BIOS mnalolisikia kwa mafundi Kariakoo ni lake.

Kwenye diski hiyohiyo aliweka na programu ya kutafutia hitilafu, akaiita DDT. Hilo ni jina la dawa ya kuulia wadudu, na watu wa kompyuta kosa la programu huliita mdudu. Unasimamisha programu mahali unapotaka, unatazama rejista, unatazama kumbukumbu, unaendelea hatua moja moja. Aliyewapa watu kazi ya kuandika draiva aliwapa na tochi.

Haya, ndege. Mwaka 1980 IBM walikwenda Pacific Grove kutafuta mfumo wa kompyuta yao mpya. Kildall asubuhi hiyo alikuwa amerusha ndege yake kwenda kwa mteja, kazi halali kabisa, na Dorothy hakutaka kutia saini mkataba wa siri walioubeba. Yaliyofuata siku ile kila upande uliyasimulia kivyake. Yanayojulikana ni kwamba Microsoft waliwapa IBM mfumo walioununua Seattle, ulioandikwa na Tim Paterson, ambaye makusudi aliufanya upokee maombi yanayofanana na ya CP/M ili programu zihamie kwa urahisi. Mlango ulikuwa safi mno kiasi kwamba mwingine aliweza kujenga nyumba nyuma yake. IBM baadaye waliuza mifumo yote miwili, wa Kildall dola 240, wa Microsoft dola 40. Mwenye bumu la mwanafunzi angechagua upi? Hata herufi A na C za diski kwenye Windows zilipitia kwake.

Hakuacha kazi. Mwaka 1985 kampuni yake nyingine ilisaidia kuiweka ensaiklopidia ya Grolier kwenye CD-ROM. Digital Research iliuzwa kwa Novell 1991. Mwaka uliofuata chuo chake cha Washington kiliadhimisha miaka 25 ya idara ya kompyuta, wakamwalika Kildall, mhitimu wao wa uzamivu, akae kwenye viti asikilize hotuba kuu ya Bill Gates, ambaye hakusoma pale. Ilimuuma. Akakaa akaandika kumbukumbu zake, na sehemu yake familia iliitoa hadharani 2016. Tarehe 8 Julai 1994 aliumia kichwa kwenye baa moja Monterey, na siku tatu baadaye akafariki. Alikuwa na miaka 52.

Mwaka 2014 wahandisi wa IEEE waliweka kibao Pacific Grove, mbele ya nyumba iliyokuwa ofisi yake, na mwaka huohuo jumba la makumbusho ya kompyuta kule California likatoa msimbo wa matoleo ya kwanza ya CP/M. Unapakuliwa bure na ni mwepisi, hata intaneti ya bwenini inauweza. Anzeni na sehemu inayosoma sekta.