Mbaraka Mwinshehe: Gitaa la umeme lililobeba shida za mwananchi

JINA la Mbaraka Mwinshehe Mwaruka si geni kwa wapenzi wa muziki wa dansi katika Afrika Mashariki. Zaidi ya miaka 40 tangu alipofariki dunia mjini Mombasa, vibao vyake kama vile Shida na Jogoo la Shamba vingali vinapigwa katika vipindi vya zilipendwa, na wengi wanaovicheza hawajui kwamba mtunzi wake aliaga akiwa na umri wa miaka 34 pekee.

Kilichompa hadhi hiyo si sauti peke yake. Mbaraka alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliochukua uhuru wa kubuni muziki papo hapo, ambao ndio roho ya jazi, wakautia katika gitaa la umeme, kisha wakavitumia vyote viwili kueleza maisha ya mtu wa kawaida.

Alizaliwa Juni 1944, mwaka ule ule ambao Morogoro Jazz Band ilianzishwa. Mji wa Morogoro, ulio chini ya milima ya Uluguru na kupitiwa na Reli ya Kati, haukuwa mkubwa, lakini katika muziki ulishindana na Dar es Salaam. Ulikuwa na bendi mbili mahasimu: Morogoro Jazz, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Salum alifariki katika ajali ya gari mwaka wa 1965, wakati nyota ya Mbaraka ilipokuwa inaanza kuchomoza.

Neno jazi katika majina ya bendi hizo lilikuwa na maana yake. Tangu Dar es Salaam Jazz Band ilipoundwa mwaka wa 1932, lilimaanisha bendi ya dansi yenye ngoma, tarumbeta na ala nyingine za kigeni, wala si muziki wa New Orleans. Midundo ilitoka zaidi katika rumba ya Cuba na ya Kongo. Hata hivyo, jambo moja la jazi halisi lilikuwemo: mpigaji aliachiwa nafasi ya kutunga akiwa jukwaani, mbele ya wachezaji.

Umeme ndio uliofungua mlango huo. Gitaa la kawaida lilimezwa na ngoma na tarumbeta. Gitaa la umeme lilibadili mtetemo wa nyuzi kuwa mkondo, amplifaya ikaukuza, na ghafla kidole kimoja kikaweza kusikika katika ukumbi mzima. Kuanzia hapo mpigaji wa solo akawa msimulizi wa pili, baada ya mwimbaji. Mbaraka alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpigaji solo kwa wakati mmoja, kwa hivyo wasimulizi wote wawili walikuwa mtu yule yule.

Nyimbo za dansi wakati huo zilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikwenda taratibu ili maneno yasikike vyema. Ya pili, iliyoitwa chemko, ilikwenda mbio, na hapo ndipo gitaa la solo lilipoachiwa uwanja. Sahani ndogo ya santuri mara nyingi ilifuata mgawanyo huo: upande mmoja mashairi, upande wa pili chemko.

Alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960 na hatimaye akawa kiongozi wake. Ulikuwa wakati wa Azimio la Arusha la 1967, ambapo wanamuziki walitarajiwa kuieleza siasa ya nchi kwa wananchi. Mwaka wa 1970 bendi hiyo iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, Japani. Dkt Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa na mkulima siku ya Krismasi mwaka wa 1971 katika mvutano wa vijiji vya ujamaa, Mbaraka alitunga wimbo wa kumlilia.

Lakini waliompenda walimpenda zaidi kwa nyimbo zilizogusa nyumba zao. Shida, Masimango, Pesa Namba Moja: majina yenyewe yanatosha kuonyesha alikuwa akisema na nani. Jogoo la Shamba liliokota jina lake katika methali inayojulikana na kila mtoto wa Kiswahili, wakati ambapo vijana wengi walikuwa wakiacha vijiji kwenda kutafuta riziki mijini.

Mwaka wa 1973 aliiacha Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Super Volcano. Kwa mwanamuziki wa Tanzania, tatizo kubwa lilikuwa soko. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa ajili ya kuzirusha hewani, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Sahani zilichapishwa Nairobi, na Shida ilipotolewa na kampuni ya Polygram, Kenya ikawa soko lake kubwa.

Siasa ikaingilia kati. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka. Lango la Namanga, inakoishia barabara ya kutoka Nairobi kupitia Kitengela na Kajiado, lilibaki limefungwa hadi Novemba 1983. Redio na santuri ziliendelea kuwaunganisha watu ambao serikali zao zilikuwa zimenuniana, na nyimbo za Mbaraka ziliendelea kupigwa pande zote mbili.

Mpaka ulikuwa bado umefungwa Januari 1979, Mbaraka alipopata ajali ya barabarani akiwa Mombasa na kufariki dunia. Morogoro ikawa imewapoteza vinara wake wawili kwa njia moja, na mashabiki wa Kenya walimlilia kama mtu wao.

Baada ya kifo chake, Polygram ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho. Vyombo vya muziki vimebadilika mara nyingi tangu wakati huo, na leo kijana anaweza kutengeneza bendi nzima ndani ya kompyuta. Funzo la Mbaraka halijachakaa: mitambo humpa msanii sauti kubwa, lakini lazima awe na jambo la kuwaambia watu. Yeye alikuwa nalo, na ndiyo sababu Shida bado inaeleweka katika nyumba ambazo shida hazijaisha.