Kamanda Spicer-Simson na Vita vya Ziwa Tanganyika

Ndugu zangu mliopita shuleni kwetu, nanyi vijana mnaokalia madawati yetu hivi sasa. Sisi tulipokuwa madarasani, Vita Kuu ya Kwanza ilifundishwa upesi upesi. Tulikariri jina la von Lettow-Vorbeck, tukaandika tarehe, kengele ikalia. Ziwa Tanganyika halikutajwa kabisa. Kwa hiyo nimeona niwaeleze habari za ofisa mmoja wa majini wa Kiingereza aliyepata jina katika ziwa hilo, na pia akalipunguza jina lake hapo hapo.

Geoffrey Basil Spicer-Simson alizaliwa Tasmania, Australia, mwaka 1876. Alipofika umri wa miaka 14 akaingizwa katika Jeshi la Majini la Uingereza. Alishiriki kupima mto Yangtze huko China, kisha mto Gambia, na kazi hiyo aliijua barabara. Lakini katika kuongoza manowari hakuwa na bahati. Aliwahi kupandisha chombo ufukoni, na mara nyingine chombo chake kiligonga mashua. Mwezi wa Novemba, 1914, alikuwa na dhamana ya vyombo vidogo katika pwani ya Kent. Siku moja, yeye akiwa nchi kavu hotelini, manowari Niger ilipigwa topido na Wajerumani ikazama. Basi akawekwa ofisini London. Wenzake wengi walikwisha kupanda vyeo, naye bado alikuwa Luteni-Kamanda, mtu wa majivuno na hadithi nyingi ambazo hazikuaminika.

Wakati huo Wajerumani waliokuwa Kigoma ndio waliolitawala Ziwa Tanganyika. Walikuwa na meli Hedwig von Wissmann na Kingani, na mwaka 1915 wakashusha majini meli kubwa, Graf von Götzen. Mwindaji mmoja, John Lee, aliwashauri wakuu wa majini walete boti zenye mbio kwa njia ya nchi kavu. Shauri likakubaliwa. Maofisa waliofaa walikuwa na kazi nyingine, ndipo Spicer-Simson akapata nafasi yake.

Alipewa boti mbili, kila moja ya urefu wa mita 12 hivi, yenye mzinga mdogo na bombomu. Akaziita Mimi na Toutou. Ziliondoka Uingereza kwa meli mwezi wa Juni, 1915, zikashushwa Cape Town, zikapanda gari moshi hadi Katanga. Kutoka Fungurume reli ilikuwa haiendelei. Mbele yao kulikuwa na kilometa 235 za pori na milima ya Mitumba.

Hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo. Boti hizo zilikokotwa na matrekta ya mvuke na maksai, lakini njia yenyewe ilikatwa kwa mikono ya Waafrika. Ndio waliofyeka pori, wakapasua mawe na kujenga madaraja zaidi ya 100. Maji ya injini yalipokosekana, wanawake wa vijijini waliyabeba vichwani mwao. Kamanda alipewa nishani; majina ya watu hawa hayakuwekwa. Nawaomba vijana wa somo la historia walikumbuke jambo hili kila wanaposoma kwamba fulani alivusha boti milimani.

Mwishoni mwa Oktoba walifika ziwani, upande wa Wabelgiji. Wenyeji wa huko, Waholoholo, inasemekana walimpa Spicer-Simson jina la Bwana Chifungatumbo, kwa sababu alivaa sketi ya kaki badala ya suruali.

Tarehe 26 Desemba, 1915, Kingani ilionekana. Mzinga wake uliweza kupiga mbele tu, kwa hiyo boti zikaizunguka kwa nyuma. Katika muda wa dakika chache nahodha wake alikuwa amekufa na meli imetekwa. Ikatengenezwa, ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari, 1916, Fifi na Mimi ziliizamisha Hedwig von Wissmann. Mtu aliyedharauliwa London sasa alisifiwa kila mahali, akapandishwa cheo kuwa Kamanda.

Siku ya pili yake Götzen ilitokea. Maofisa wake walingoja amri, naye akakataa kutoka. Mwezi wa Juni, akiwa mbele ya Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, aliiona mizinga ya boma akasita tena. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa vyombo vyao. Boma lilipoingiliwa, mizinga ile ikaonekana ni ya mti! Haukupita muda akarudishwa Uingereza, mgonjwa wa akili na mwili.

Götzen yenyewe ilizamishwa na Wajerumani mwezi wa Julai, 1916, injini zake zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba, ikibeba abiria wetu kwa miaka mingi.

Spicer-Simson hakuishia hapo. Mwaka 1919 alikuwa mkalimani katika mkutano wa amani wa Paris, na toka 1921 hadi 1937 alikuwa Katibu Mkuu wa Ofisi ya Kimataifa ya Upimaji wa Bahari, huko Monaco. Alifariki Canada mwaka 1947.

Wengi humcheka kwa sketi na majivuno yake. Mimi, kwa kuwa ni mtumishi wa Serikali, namfikiria kwa namna nyingine. Alipokuwa hana sifa ya kupoteza, alithubutu. Alipoipata, aliogopa isimponyoke, na wenzake wakamngoja bure. Nimewaona watu wa namna hiyo maofisini, na siku nyingine nimejiona mwenyewe. Ninyi mtakaotoka hapa na vyeti vizuri, jihadharini na hofu hiyo. Nanyi ambao matokeo yenu hayakuwa mazuri, msikate tamaa: kazi aliyoijua tangu ujana, ile ya kupima maji, ndiyo iliyomweka mpaka uzeeni.