Pascal: Kijana aliyenyimwa hisabati

Mko mabeshte watano na tiketi mbili za mechi. Mnaweza kuchagua wawili wa kwenda kwa njia ngapi? Ukianza kuorodhesha majina kwenye mtihani, muda utakuishia.

Wa kukuokoa ni Blaise Pascal, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1623. Alifiwa na mamake akiwa na miaka 3. Babake alimfunza nyumbani, lakini akamfichia vitabu vya hisabati ili kwanza ashike lugha. Wapi! Akiwa na miaka 12, kijana alikuwa tayari anajichorea maumbo kisiri. Mzee akasalimu amri.

Mwaka 1654, Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu kamari iliyokatizwa: pesa zigawanywe vipi? Hawakubahatisha. Walihesabu njia zote ambazo mchezo ungeweza kuisha.

Mwaka huo huo aliandika kuhusu pembetatu ya namba, ambayo Wahindi, Waajemi na Wachina waliijua kabla yake. Ni rahisi: kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Kwa watu watano, tafuta safu ya 1, 5, 10, 10, 5, 1. Namba ya kwanza ni ya kuchagua sifuri, ya pili mmoja, ya tatu wawili. Jibu lako: njia 10.

Pascal alifariki 1662, akiwa na miaka 39 tu. Kitabu hicho kilisambazwa 1665, yeye yuko kaburini. Wewe hujafichwa kitu. Swali likija, chora pembetatu yako, ujumlishe.