Ferruccio Lamborghini: Fundi wa matrekta aliyelizaa gari la Miura

UKITAJA jina la Lamborghini mbele ya vijana wa mjini, picha inayowajia mara moja ni ya gari la chini, la bei mbaya, lenye mlio wa kuamsha mtaa mzima. Wachache wanafahamu kwamba jina hilo, kabla ya kubandikwa kwenye gari la matajiri, lilibandikwa kwenye trekta. Na wachache zaidi wanafahamu kwamba mwenye jina hilo alimalizia uzee wake shambani, akilima zabibu kama baba yake.

Makala haya yanaeleza maisha ya Ferruccio Lamborghini na gari lake lililompa sifa kuliko yote, Miura. Tumemchagua kwa sababu mkulima na mfanyabiashara mdogo anaweza kujipima kwake katika mambo mawili: jinsi biashara moja inavyoweza kuibeba nyingine mgongoni, na kinachotokea pale inayobeba inapojikwaa.

Azaliwa kwenye zabibu

Ferruccio alizaliwa Aprili 28, 1916 katika kijiji cha Renazzo, karibu na mji mdogo wa Cento, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa zabibu. Yeye hakuvutiwa sana na mizabibu yenyewe. Alivutiwa na vyuma, na kijana aliyekuwa akishinda kwenye karakana badala ya shambani akapelekwa kusomea ufundi.

Mwaka 1940 aliingizwa katika jeshi la anga la Italia na kupelekwa kisiwa cha Rhodes, nje kidogo ya pwani ya Uturuki. Huko alisimamia matengenezo ya magari ya jeshi. Kisiwani vipuri havikuja kirahisi, hivyo fundi alilazimika kutengeneza gari bovu kwa kutumia gari jingine bovu. Vita vilipomalizika mwaka 1945 aliangukia mikononi mwa Waingereza kama mateka, na akarudi kwao mwaka 1946.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa majonzi. Mkewe alifariki dunia akijifungua mtoto wao wa kiume, Tonino. Ferruccio akabaki na mtoto mchanga na karakana ndogo.

Trekta la mabaki ya vita

Italia ya wakati ule ilikuwa na mashamba mengi na nguvu kidogo ya kulimia. Matrekta yalikuwa machache na bei yake haikumfikia mkulima wa kawaida. Wakati huo huo, magari ya kijeshi yaliyoachwa na vita yalikuwa yamelundikana, yakiuzwa kwa bei ya kutupa. Ferruccio aliona vitu viwili ambavyo wengine walivitazama mbalimbali: hitaji la mkulima na lundo la vyuma.

Alianza kuunda matrekta kwa mabaki hayo. Trekta lake la mwanzo, aliloliita Carioca, lilionyeshwa mjini Cento Februari 1948, siku ya sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa mji huo, wakati wakulima wa vijiji vya jirani wamejaa mjini. Alikuwa amechagua siku ambayo wateja wanajileta wenyewe.

Hata hivyo, ubora wa trekta hilo haukuwa bei tu. Injini za Morris alizotumia zilikuwa za petroli, na petroli ilikuwa ghali. Ferruccio alibuni kifaa kilichowezesha injini kuwashwa kwa petroli na, ikishapata moto, kuhamia kwenye dizeli ambayo ilikuwa nafuu. Mkulima aliyepiga hesabu ya gharama za msimu mzima aliona tofauti mfukoni.

Kufikia miaka ya 1950 kampuni yake ilikuwa imeacha kutegemea mabaki na kuanza kuunda matrekta yake yenyewe. Mwaka 1960 alianzisha kiwanda kingine cha mitambo ya kupasha nyumba joto na viyoyozi. Akawa tajiri, na kama matajiri wengi wa eneo lake akaanza kununua magari ya kasi.

Kwa nini fundi wa trekta aliunda gari

Kuna simulizi maarufu kwamba Ferruccio alikuwa na gari la Ferrari ambalo klachi yake ilimsumbua kila mara. Alipolifungua katika karakana yake akakuta klachi hiyo ni ya aina ile ile aliyokuwa akiifunga kwenye matrekta yake. Akaenda kulalamika kwa Enzo Ferrari, akajibiwa kwa dharau kwamba mtu wa matrekta hana cha kumfundisha mtu wa magari. Simulizi hiyo imeongezwa chumvi kila inaposimuliwa, na si kila kipande chake kinaaminika.

Lakini hata bila ugomvi huo, hesabu ya biashara ilikuwepo. Watengenezaji wa magari ya kasi wa wakati ule walijali zaidi mashindano. Ferruccio aliona mteja mwenye fedha anayetaka kasi pamoja na utulivu, gari lisilompeleka gereji kila wiki. Mwaka 1963 akajenga kiwanda katika mji wa Sant'Agata Bolognese, si mbali na nyumbani, kwa fedha iliyotoka kwenye matrekta.

Mwanzo haukuwa laini. Gari la mfano lilipopelekwa kwenye maonyesho ya Turin mwaka huo, injini haikutoshea chini ya boneti. Inaelezwa kuwa waliweka matofali mahali pa injini ili gari likae kwa uzito unaostahili, na boneti ikabaki imefungwa maonyesho yote. Mwaka 1964 gari lililokamilika, 350 GT, likaanza kuuzwa.

Miura yazaliwa

Ferruccio aliajiri vijana. Mhandisi wake mkuu, Gian Paolo Dallara, hakuwa amefikisha miaka 30. Dallara, mwenzake Paolo Stanzani na fundi wa majaribio kutoka New Zealand, Bob Wallace, walikuwa na wazo walilolifanyia kazi baada ya saa za kawaida: gari la barabarani ambalo injini yake inakaa nyuma ya viti, kama magari ya mashindano.

Ugumu ulikuwa urefu wa injini, kwani ilikuwa na silinda 12. Walichofanya ni kuilaza kwa upana wa gari na kuiunganisha na giaboksi katika chombo kimoja. Wazo hilo lilitokana na gari dogo la Mini la Uingereza, lililotoka mwaka 1959 na ambalo injini yake ilikaa hivyo hivyo. Gari la mtu wa kawaida likalifundisha gari la tajiri.

Bosi hakuamini kuwa litauzika sana, lakini aliona litalitangaza jina la kampuni. Chasisi tupu ilionyeshwa Turin Novemba 1965, na kabla ya gari lenyewe kuonekana, wateja walianza kutaka kuweka oda. Bodi ilichorwa na Marcello Gandini wa kampuni ya Bertone, na Machi 1966 gari likaonyeshwa Geneva, Uswisi. Lilipewa jina la ukoo wa Miura wa Hispania, wafugaji maarufu wa fahali wa kupigana. Ferruccio, aliyezaliwa chini ya nyota ya Ng'ombe, alikuwa ametembelea shamba lao na kuvutiwa nalo. Ndiyo sababu nembo ya kampuni ni fahali.

Matoleo matatu

Toleo la kwanza, P400, lilikuwa na injini ya karibu lita nne yenye nguvu farasi 350, na bei yake ilikuwa takriban Dola 20,000 za Marekani. Lilikuwa zuri kwa macho, lakini liliingia sokoni kabla halijaiva. Bati la chasisi lilikuwa jembamba mno, na baada ya magari kama 125 unene ukaongezwa kutoka milimita 0.9 hadi milimita 1. Tangi la mafuta lilikuwa mbele, hivyo mafuta yalivyopungua pua ya gari ikawa nyepesi, na kwenye kasi kubwa ikaelekea kunyanyuka. Dereva alikaa na injini nyuma ya kisogo chake, akapata joto na kelele zake zote. Yakatengenezwa 275.

Mwishoni mwa mwaka 1968 likaja P400 S. Chasisi ilikuwa ngumu zaidi, nguvu farasi zikafika 370, na madirisha yakawa ya umeme. Aliyekuwa tayari kuongeza fedha alifungiwa kiyoyozi. Yakatengenezwa 338, na hilo ndilo toleo lililouzika kuliko mengine.

La tatu, SV, lilitoka mwaka 1971 na nguvu farasi 385. Ekseli ya nyuma ilipanuliwa na kuwekewa matairi mapana ili gari lishike barabara. Marekebisho ambayo kila mwenye trekta atayaelewa yalihusu oili. Tangu mwanzo injini na giaboksi zilitumia oili moja, hivyo unga wa chuma unaosagika kwenye gia ungeweza kufika kwenye injini. Katika SV za baadaye kila kimoja kikapewa oili yake. SV zilitengenezwa 150 tu, hadi mwaka 1973.

Kulikuwa pia na Miura zilizokuwa peke yake. Mwaka 1968 lilionyeshwa gari moja lisilo na paa mjini Brussels, ambalo baadaye lilichukuliwa na shirika la utafiti wa risasi na zinki ili kutangaza matumizi ya madini hayo. Mwaka 1970 Wallace aliunda gari la majaribio lililopunguzwa uzito, Jota. Ferruccio hakutaka kampuni yake iingie kwenye mashindano, kwani aliyaona ni shimo la kumwaga fedha. Jota likauzwa, likapata ajali na kuteketea. Hata hivyo wateja wachache waliomba yao yafananishwe nalo, na kampuni ikawatengenezea.

Ukijumlisha yote, Miura hazikuzidi sana 760 katika miaka saba. Kila toleo lilikuwa jibu la malalamiko dhidi ya lililotangulia. Toleo bora kuliko yote ndilo lililotengenezwa kwa uchache, kwa sababu wakati huo mambo yalikuwa yameanza kuharibika kwenye matrekta.

Oda zilizofutwa

Sehemu kubwa ya matrekta ya Lamborghini ilikuwa ikiuzwa nje ya Italia. Mwaka 1971 mwagizaji wake wa Afrika Kusini alifuta oda zake. Katika kipindi hicho hicho jeshi lilipindua serikali ya Bolivia, Amerika ya Kusini, na watawala wapya wakafuta oda kubwa ya matrekta. Sehemu ya mzigo huo ilikuwa tayari bandarini Genoa, ikisubiri meli.

Chuma kilikuwa kimenunuliwa na mishahara imelipwa. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu, hivyo kupunguza watu haikuwezekana. Na kiwanda cha magari, ambacho kingeweza kusaidia, ndicho kilichokuwa kimezoea kusaidiwa.

Mwaka 1972 Ferruccio aliuza kampuni ya matrekta kwa washindani wake, kampuni ya SAME ya Italia. Mwaka huo huo aliuza asilimia 51 ya kiwanda cha magari kwa mfanyabiashara wa Uswisi, Georges-Henri Rossetti, kwa Dola 600,000. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda duniani kote na magari yanayokunywa mafuta yakakosa wanunuzi. Mwaka 1974 akauza asilimia 49 iliyobaki kwa Mswisi mwingine, René Leimer.

Arudi shambani

Alikuwa na miaka 58. Alihamia kwenye shamba lake la Panicarola, kando ya ziwa Trasimeno, katikati ya Italia. Huko alipanda mizabibu na kutengeneza mvinyo mwekundu, na mojawapo akaupa jina lenye maana ya damu ya Miura. Kijana aliyeikimbia mizabibu ya baba yake aliizeekea mizabibu yake mwenyewe. Alifariki dunia Februari 20, 1993 akiwa na miaka 76.

Kampuni ya magari ilifilisika mwaka 1978 na kupita mikono mingi, hadi ilipochukuliwa na Audi ya Ujerumani mwaka 1998. Matrekta ya jina la Lamborghini yaliendelea chini ya SAME, na hadi leo jina hilo linalima mashambani, ingawa haliko tena chini ya mwenye nyumba mmoja na magari.

Tujiulize

Wapo watakaosema Ferruccio aliangushwa na tamaa ya magari. Kwa maoni yangu hiyo si hesabu kamili. Kupanua biashara hakukuwa kosa. Udhaifu ulikuwa kwenye mzizi: biashara iliyobeba nyingine ilitegemea mno wanunuzi wachache wakubwa wa mbali, na mzigo ulitengenezwa ukangojea wao tu.

Mkulima anayelima ekari nzima ya nyanya kwa ahadi ya mnunuzi mmoja yuko bandarini Genoa bila kujua. Hali kadhalika mfanyabiashara anayefungua duka la pili kwa faida ya la kwanza, wakati la kwanza linaishi kwa tenda moja ya shule. Mzigo ulio tayari ni gharama, si mauzo, mpaka mnunuzi alipe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujaanzisha cha pili, chukua daftari uandike jina la mteja wako mkubwa kuliko wote. Kisha mfute, ujumlishe upya. Kama hesabu bado inasimama, endelea. Kama inaanguka, tafuta kwanza mteja wa pili na wa tatu, na umwombe yule mkubwa malipo ya awali kabla jembe halijagusa ardhi.