Mfahamu Doppler: Alikosea rangi za nyota, leo anasaidia kupima moyo wa mbwa wako
IRINGA. Lori linaposhuka Ipogolo kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia huku likipiga honi, sauti huwa kali likikusogelea. Likishakupita tu, inakuwa nzito ghafla. Dereva hajabadilisha honi. Kilichobadilika ni kwamba lori lilikuwa linakuja kwako, sasa linakwenda zake.

Aliyeliweka jambo hilo kwenye hesabu ni Christian Doppler, raia wa Austria aliyefariki mwaka 1853. Na kama una mbwa mzee ambaye daktari wa mifugo amesikia mlio usio wa kawaida kwenye moyo wake, jina la jamaa huyu utakutana nalo kwenye majibu ya altrasaundi.

Mtoto wa fundi mawe

Doppler alizaliwa Novemba 29, 1803 mjini Salzburg. Kwao walikuwa mafundi mawe, lakini yeye afya yake haikuiweza kazi ya nyundo, hivyo akapelekwa shule. Kwenye hesabu akawa moto.

Hata hivyo, elimu haikumpa ajira haraka. Mkataba wake wa usaidizi chuoni Vienna ulipoisha, alifanya ukarani wa mahesabu kiwandani. Mwaka 1835 akakata tamaa, akauza vitu vyake ili ahamie Marekani. Ndipo akapata kazi ya ualimu Prague, safari ikafia hapo.

Hoja ya mwaka 1842

Mei 25, 1842, akiwa na miaka 38, alisoma hoja yake mbele ya wanasayansi wa Prague. Alisema wimbi la kitu kinachokusogelea hubanwa, na la kitu kinachokwenda mbali hutanuka. Kwa hoja hiyo akataka kueleza kwa nini nyota zinazokwenda wawili wawili zina rangi tofauti.

Kumbe kwenye rangi aliteleza. Rangi tunazoziona kwenye nyota hutokana hasa na joto lake. Lakini kanuni yenyewe ilikuwa sahihi. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot aliipima kwa kupandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, huku wanamuziki wengine wakisikiliza kando ya reli. Sauti ikapanda na kushuka, kama honi ya lori.

Mwaka 1850 Doppler akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna, ambako Gregor Mendel alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Miaka miwili baadaye mwanahisabati Petzval aliishambulia nadharia yake hadharani. Wakati huo kifua kilikuwa kinamsumbua. Alikwenda Venice kutafuta hewa nzuri, akafia huko Machi 17, 1853, akiwa na miaka 49.

Inavyofanya kazi kwenye moyo

Mwaka 1953 nchini Sweden, Inge Edler na Hellmuth Hertz walifanikiwa kupima moyo unaodunda kwa mawimbi ya sauti. Miaka michache baadaye Mjapani Satomura akatumia kanuni ya Doppler kwenye moyo.

Kwa mbwa wazee, hasa wa mbegu ndogo, chanzo kikubwa cha mlio huo ni vali ya kushoto kunenepa na kushindwa kufunga vizuri, hivyo damu inarudi chumba cha juu. Kwenye skrini, nyekundu ni damu inayokisogelea kifaa, bluu ni inayokwenda mbali. Rangi zikichanganyika, damu inakwenda mbio na kuvurugika. Rangi hizo zinapakwa na mashine; hazisemi damu ni safi au chafu.

Hapo ndipo wengi hushtuka bure. Damu inayovuja kwenye vali hiyo inaweza kufikia kasi ya mita 5 kwa sekunde hata kama inavuja kidogo, kwa sababu presha ya chumba cha chini ni kubwa. Mbio si wingi.

Cha kuuliza ni ukubwa wa vyumba vya moyo. Daktari hulinganisha upana wa chumba cha juu cha kushoto na wa aorta, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Ikifika mara 1.6 au zaidi, na chumba cha chini nacho kimetanuka, kuna kazi ya kufanya. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 kwa mbwa 360 wa hali hiyo ulionyesha dawa ya pimobendani iliwachelewesha kufika hatua ya moyo kushindwa kazi kwa takriban miezi 15.

Kama vyumba havijatanuka, kwa kawaida dawa hazihitajiki bado. Mbwa hupimwa tena baada ya muda, nawe nyumbani unahesabu pumzi zake akiwa amelala. Zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara, mpigie daktari mapema.

Kwa hiyo kabla hujakubali mbwa wako achomwe sindano ya kumpumzisha, au kuanza kununua dawa za kila siku, omba vipimo vya vyumba vya moyo viandikwe kwenye cheti chake. Picha yenye rangi peke yake haitoshi kuamua.