Freddie Mercury: Mtoto wa Mji Mkongwe aliyewatungia mabingwa wimbo wao

NAHODHA akishanyanyua kombe na karatasi za rangi zikianza kumwagika uwanjani, kuna wimbo mmoja ambao spika hupenda kuupiga. We Are the Champions. Shabiki wa Arsenal anaujua, wa Liverpool anaujua, na hata yule asiyejua Kiingereza anaung'ang'ania kiitikio mpaka sauti inakauka.

Wasichojua wengi ni kwamba jamaa aliyeutunga kazaliwa hapa hapa Unguja, hospitali ya serikali, Septemba 5, 1946. Jina lake la nyumbani ni Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa Mparsi kutoka India, mtunza fedha wa mahakama enzi za Mwingereza. Dogo alianza shule kwa masista hapa mjini, kisha akiwa na miaka minane tu akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India.

Huko hakuwa mtu wa piano peke yake. Alikuwa moto kwenye mpira wa meza, akacheza mpira wa magongo, akakimbia mbio fupi na kuvaa glovu za ngumi. Mwaka 1958 alipewa kombe la mwanafunzi mdogo anayefanya vizuri katika kila fani. Kriketi na mbio ndefu hakutaka hata kuzisikia.

Alirudi Unguja mwaka 1963, lakini hakukaa. Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na familia ikaondoka kwenda Uingereza, ikaanza upya Feltham, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Farrokh alikuwa na miaka 17. Akasoma sanaa Ealing, na mwaka 1970 wakaunda bendi ya Queen. Hapo ndipo akawa Freddie Mercury.

Mei 1977 Queen walipiga Stafford, Uingereza. Shoo ikaisha, watu wakagoma kuondoka, wakaanza kuimba You'll Never Walk Alone, ule wimbo wa mashabiki wa Liverpool. Bendi nzima ikapigwa butwaa. Miezi michache baadaye Freddie akatoka na wimbo wa mabingwa, na mwenyewe alikiri kwamba soka lilikuwa kichwani mwake wakati akiutunga.

Mwaka uliofuata alikuwa Uswisi, mji wa Montreux kando ya ziwa, akirekodi albamu ya Jazz. Julai ile mashindano ya baiskeli ya Tour de France yakakatiza mjini humo, na Freddie akawa mtazamaji kama wengine.

Sisi wa soka tumezoea kukaa dakika 90 na kiti tunacho. Mbio za barabarani si hivyo, bwana. Unawahi mapema, unatafuta nafasi, unapigwa jua. Zinapita pikipiki, yanapita magari. Halafu kundi linatokea, mamia ya tairi yanavuma kama nyuki, upepo unakupiga usoni, na limeshapita. Ukipiga chafya umelikosa.

Kwa Freddie ule upepo ulitosha. Alirudi studio akatunga Bicycle Race, na kengele za baiskeli zikawekwa ndani ya wimbo wenyewe. Tour ya mwaka ule ilichukuliwa na Bernard Hinault, Mfaransa, likiwa taji lake la kwanza kati ya matano.

Viwanja vya soka navyo vikawa nyumbani kwake. Mwaka 1981, pale Vélez Sarsfield, Buenos Aires, Diego Maradona mwenyewe alipanda jukwaani na Queen. Julai 13, 1985, kwenye Live Aid, aliishika Wembley nzima kwa dakika kama 20, na mwaka uliofuata akaijaza tena siku mbili mfululizo.

Novemba 23, 1991 alitangaza kwamba ana Ukimwi. Kesho yake akafariki, akiwa na miaka 45.

Montreux walimjengea sanamu mwaka 1996. Hapa kwetu habari yake imekuwa nzito. Mwaka 2006 mpango wa kusherehekea miaka 60 tangu azaliwe ulipingwa vikali na viongozi wa dini kwa sababu ya namna alivyoishi. Jumba la makumbusho yake limefunguliwa mwaka 2019 tu, pale Shangani.

Kila mtu na msimamo wake kuhusu maisha ya Freddie, na hilo halimalizwi kwenye kurasa za michezo. Ila Januari huwa tunajazana Amaan kutazama Kombe la Mapinduzi, mwezi uleule uliomwondoa kijana yule kisiwani. Bingwa akishapatikana na ule wimbo ukaanza, mwambie jirani yako kwamba aliyeutunga kazaliwa hapo mjini, mwendo wa dakika chache tu kwa daladala.