Branch Rickey

Wesley Branch Rickey (20 Desemba 1881 – 9 Desemba 1965) alikuwa mchezaji, meneja na kiongozi wa timu za besiboli nchini Marekani. Duniani anajulikana zaidi kwa kumsajili Jackie Robinson, Mmarekani mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu za besiboli katika karne ya 20. Ndani ya mchezo wenyewe anakumbukwa pia kwa jambo lingine: alionyesha jinsi timu isiyo na fedha inavyoweza kushindana na timu tajiri bila kununua nyota wa bei kubwa. Njia yake iliiletea St. Louis Cardinals ubingwa mara nyingi, lakini huko Pittsburgh ilimgharimu miaka ya aibu.

Maisha ya awali

Rickey alizaliwa kusini mwa jimbo la Ohio katika familia ya wakulima Wamethodisti. Malezi ya dini yalimkaa maisha yote: hakunywa pombe, na hakukubali kucheza wala kuongoza mchezo siku ya Jumapili, jambo lililomletea matatizo na waajiri wake wa kwanza. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan, ambako alifundisha pia timu ya besiboli ya chuo. Mwaka 1903 timu hiyo ilipokwenda South Bend, Indiana, hoteli ilikataa kumpokea mchezaji Charles Thomas kwa sababu alikuwa mweusi. Rickey alisisitiza mpaka kijana huyo akaruhusiwa kulala katika chumba chake mwenyewe.

Kama mchezaji hakuwa na jina. Alikuwa mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, katika timu za St. Louis Browns na New York Highlanders. Tarehe 28 Juni 1907, akiwa na bega bovu, aliwaacha wapinzani kutoka Washington waibe vituo 13 katika mchezo mmoja. Baadaye aliugua kifua kikuu, akapona, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Michigan huku akifundisha timu ya huko. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa George Sisler, ambaye alikuja kuwa mpigaji mkubwa wa zama zake.

Mwaka 1913 alirudi St. Louis kuiongoza Browns, na mwaka 1917 akahamia kwa majirani zao, Cardinals, kama rais wa klabu. Mwaka 1918 alijiunga na jeshi akapelekwa Ufaransa katika kikosi cha vita vya kemikali.

St. Louis: timu isiyo na fedha

Cardinals aliyoikuta ilikuwa na madeni, na ofisi yake ilikuwa duni hata inasimuliwa kwamba Rickey alileta zulia kutoka nyumbani kwake ili wageni wasione umaskini huo. Tatizo lake kubwa, hata hivyo, lilikuwa namna wachezaji walivyopatikana siku hizo. Vijana walianzia katika timu za ligi za chini zilizokuwa mali ya watu binafsi, na wenye timu hizo waliishi kwa kuwauza kwa klabu kubwa. Rickey alikuwa hodari wa kutambua kipaji. Lakini kila alipoonyesha kumtaka kijana fulani, mwenye timu alijua kuwa kijana huyo ana thamani, akaenda kumwuzia New York Giants au klabu nyingine yenye fedha. Kwa maneno mengine, jicho lake lilikuwa likiwafanyia kazi matajiri.

Mwishoni mwa mwaka 1919 Cardinals walikopa fedha wakamnunua mrushaji Jesse Haines kwa dola 10,000. Ulikuwa ununuzi mzuri, kwani Haines alibaki nao hadi 1937, lakini klabu haikuweza kuendelea kukopa kwa kila mchezaji. Rickey aliamua kuacha kununua wachezaji na badala yake kununua timu zinazowakuza. Fedha za kuanzia zilipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1920 Sam Breadon, mmiliki mpya, aliihamishia timu katika uwanja wa kupanga wa Browns na kuuza kiwanja cha zamani kwa jumla ya dola 275,000. Sehemu kubwa ya kiwanja hicho ilinunuliwa na halmashauri ya elimu, na juu yake ikajengwa shule ya sekondari ya Beaumont.

Fedha hizo zilitumika kupata hisa katika timu za Fort Smith, Houston na Syracuse. Kijana alianza katika ligi ya chini kabisa, akafundishwa jinsi Cardinals wanavyocheza, akapanda daraja moja baada ya jingine. Wamarekani waliuita mfumo huo shamba. Kufikia mwaka 1940 klabu ilikuwa na timu zaidi ya 30 na mamia ya wachezaji. Wengi hawakufika popote, lakini wachache waliofika walitosha. Miongoni mwao walikuwa Dizzy Dean, Pepper Martin, Joe Medwick, Enos Slaughter na Stan Musial. Cardinals walitwaa ubingwa wa besiboli wa Marekani mwaka 1926, 1931, 1934 na 1942. Katika mwaka huo wa mwisho walishinda michezo 106 na kuwafunga New York Yankees katika fainali kwa michezo minne kwa mmoja, kwa kikosi ambacho karibu chote kilitoka katika shamba lao.

Si sahihi kudhani kwamba Rickey alidharau nyota. Giants walipotoa kitita kikubwa kumtaka Rogers Hornsby, alikataa. Hornsby akawalipa kwa kazi yake: mwaka 1924 alifikisha wastani wa upigaji wa .424. Alichokataa Rickey ni kulipia umaarufu uliokwisha kupatikana. Aliamini kwamba ni afadhali kumwacha mchezaji mwaka mmoja mapema kuliko mwaka mmoja baada ya wakati wake kupita. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa Dizzy Dean. Mrushaji huyo aliumia kidole cha mguu mwaka 1937, akabadili namna ya kurusha, akaharibu mkono. Aprili 1938 Rickey alimpeleka Chicago Cubs kwa dola 185,000 pamoja na wachezaji watatu. Dean hakuurudia tena uwezo wake wa zamani. Cubs walitwaa ubingwa wa National League mwaka huo na Dean alichangia kiasi, hivyo nao hawakutoka mikono mitupu. Lakini fedha zile kwa klabu kama Cardinals zilikuwa bajeti ya mashamba mengi.

Mfumo huu ulikuwa na upande wake mbaya. Wakati huo mkataba wa kila mchezaji ulikuwa na kifungu kilichomfunga kwa klabu yake mwaka hadi mwaka, hata muda wa mkataba ukiisha. Kijana mwenye kipaji angeweza kukaa miaka katika mji mdogo, akilipwa kidogo, kwa sababu tu nafasi yake huko juu ilikuwa imeshikwa na mwingine. Kamishna wa besiboli, jaji Kenesaw Mountain Landis, aliuchukia mpango huo, na mwaka 1938 aliwaachia huru wachezaji zaidi ya 70 wa Cardinals. Isitoshe, Rickey mwenyewe alipata sehemu ya fedha za mauzo ya wachezaji, kwa hiyo waliomlaumu kwa uchoyo hawakukosa hoja. Ubahili wake ulikuwa gumzo la magazeti.

Brooklyn

Baada ya kutofautiana na Breadon, Rickey alihamia Brooklyn Dodgers mwishoni mwa 1942. Ilikuwa wakati wa vita, na klabu nyingi zilikuwa zimepunguza kusajili vijana kwa kuwa wangeitwa jeshini. Yeye alizidisha. Gil Hodges na Duke Snider walipatikana katika kipindi hicho.

Agosti 1945 alikutana na Jackie Robinson, aliyekuwa akichezea Kansas City Monarchs katika ligi ya Wamarekani weusi, na tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia uwanjani na Dodgers. Habari hiyo ina makala yake na haihitaji kurudiwa yote hapa. Inafaa tu kusema kwamba imani ya dini na hesabu ya biashara vilikwenda pamoja. Ubaguzi ulikuwa umeacha nje kundi zima la wachezaji bora, na aliyethubutu kwanza aliwapata kwa gharama ndogo. Robinson alipewa dola 3,500 za kusaini na dola 600 kwa mwezi. Monarchs hawakulipwa chochote, na wamiliki wa timu za weusi walikuwa na haki ya kulalamika. Roy Campanella na Don Newcombe walifuata mwaka 1946. Dodgers walitwaa ubingwa wa National League mwaka 1947 na 1949.

Huko Brooklyn pia alimwajiri mtakwimu Allan Roth. Hesabu zao zilionyesha kwamba kufika kituoni kwa njia yoyote kuna thamani kuliko wastani wa upigaji uliokuwa ukisifiwa, na mwaka 1954 Rickey alieleza jambo hilo katika jarida la Life.

Pittsburgh na suala la Ralph Kiner

Mwaka 1950 Rickey alishindwa katika mvutano na Walter O'Malley, akauza hisa zake na kwenda Pittsburgh Pirates. Timu ilikuwa dhaifu. Mwezi Januari mwaka huohuo, kabla hajafika, ilikuwa imempa kijana mrushaji Paul Pettit dola 100,000. Pettit alishinda mchezo mmoja tu katika ligi kuu.

Hazina ya Pirates ilikuwa Ralph Kiner, aliyeongoza au kuongoza kwa pamoja National League katika kupiga mipira ya kuvuka uzio kwa misimu saba mfululizo, 1946 hadi 1952. Watu wa Pittsburgh walikuja uwanjani kumtazama yeye. Mshahara wake wa dola 90,000 ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa katika mchezo huo. Mwaka 1952, Kiner akiwa ndani, Pirates walishinda michezo 42 na kupoteza 112. Rickey alitumia matokeo hayo kama hoja: timu iliyoshika mkia ikiwa na nyota inaweza kushika mkia bila yeye, na kubakiza mshahara wake. Kwanza alimpunguzia hadi dola 75,000, kisha Juni 1953 akamhamishia Chicago Cubs katika mabadilishano ya wachezaji kumi, Pirates wakipokea wachezaji sita na fedha.

Kwa miaka michache ilionekana amekosea kabisa. Mashabiki walikasirika. Pirates walibaki mkiani 1953, 1954 na 1955, na watazamaji wa msimu mzima walishuka chini ya nusu milioni, wakati miaka ya mwisho ya 1940 walipita milioni moja. Waliopatikana kwa Kiner hawakuijenga timu. Vijana wengine aliowategemea, kama Dick Groat, walichukuliwa na jeshi kwa ajili ya vita vya Korea. Mwishoni mwa 1955 Rickey aliondoka katika umeneja akiwa na umri wa karibu miaka 74.

Hata hivyo kule mkiani kulikuwa na faida. Timu ya mwisho ilipewa nafasi ya kwanza kuchagua wachezaji ambao klabu nyingine hazikuwalinda. Dodgers walikuwa wamemficha Montreal kijana wa Puerto Rico, Roberto Clemente, waliyempa dola 10,000 za kusaini. Novemba 1954 Pirates walimchukua kwa dola 4,000. Bill Mazeroski alisajiliwa mwaka huohuo, na Elroy Face alikuwa ameshachukuliwa kutoka klabu hiyohiyo ya Brooklyn. Kiner kwa upande wake aliacha kucheza baada ya msimu wa 1955 kwa sababu ya maumivu ya mgongo.

Tarehe 13 Oktoba 1960 Mazeroski alipiga mpira ukavuka uzio katika zamu ya mwisho ya mchezo wa saba, na Pirates wakawafunga Yankees 10 kwa 9 na kutwaa ubingwa. Msimu huo watazamaji walizidi milioni 1.7. Sifa si za Rickey peke yake, maana mrithi wake, Joe L. Brown, aliongeza wachezaji wazoefu kama Don Hoak, Smoky Burgess na Harvey Haddix kwa mabadilishano ya mwaka 1959. Bila hao, vijana wa Rickey pengine wasingefika.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1959 Rickey alikuwa rais wa Continental League, ligi ya tatu iliyopangwa kuanzishwa. Haikucheza hata mchezo mmoja, lakini tishio lake lilizilazimu ligi kuu kuongeza timu, zikiwemo New York Mets na timu ya Houston zilizoanza mwaka 1962. Kisha alirudi St. Louis kama mshauri kwa muda.

Tarehe 13 Novemba 1965 alianguka akiwa anahutubia huko Columbia, Missouri, katika hafla ya kutunukiwa heshima ya michezo ya jimbo hilo. Alifariki tarehe 9 Desemba. Mwaka 1967 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli.

Baada yake

Miaka kumi baada ya kifo chake, Desemba 1975, uamuzi wa msuluhishi katika kesi ya warushaji Andy Messersmith na Dave McNally ulivunja nguvu ya kile kifungu cha kuwafunga wachezaji. Tangu hapo mchezaji aliyemaliza miaka yake anaweza kuwa huru na kwenda kwa anayelipa zaidi. Njia ya Rickey ilibadilika hapo: klabu ndogo bado inaweza kulea vipaji, lakini haiwezi tena kuwashikilia inavyotaka. Oakland Athletics walimpoteza Jason Giambi kwa Yankees baada ya msimu wa 2001, kwa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 120 ambao wasingeweza kuulipa. Mwaka uliofuata, wakitumia vijana wao na wachezaji wa bei ndogo waliochaguliwa kwa uwezo wa kufika kituoni, Oakland walishinda michezo 103, idadi ileile ya Yankees. Timu zote mbili zilitolewa katika raundi ya kwanza ya mtoano.